Viputo Katika Damu: Ugonjwa wa Wapiga Mbizi Katika Safari za Siku Nyingi Baharini

Katikati ya Bahari ya Sulu nchini Ufilipino, kiasi cha kilomita 150 kusini-mashariki mwa mji wa Puerto Princesa, yapo matumbawe ya Tubbataha. Hifadhi hiyo ya bahari, yenye ukubwa wa karibu hekta 97,000, ilianzishwa mwaka 1988 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1993. Hakuna hoteli wala kijiji, na wakaao huko ni walinzi wa hifadhi peke yao. Mgeni atakaye kuwaona papa, kasa na kuta za matumbawe hana budi kusafiri usiku kucha kwa chombo ambacho kitakuwa malazi yake kwa siku kadhaa, katika msimu mfupi wa kati ya Machi na Juni bahari inapotulia.

Ndani ya chombo cha namna hiyo, mpiga mbizi huzama mara tatu au nne kwa siku. Huamka, huzama, hula, hupumzika, kisha huzama tena. Ratiba hiyo ni ya furaha, lakini ndani yake imejificha hatari ambayo mwili hauioni wala kuihisi mpaka iwe imekwisha kujikusanya. Hatari hiyo huitwa ugonjwa wa wapiga mbizi, yaani maradhi yatokanayo na mwili kutoka haraka kwenye mgandamizo mkubwa na kuingia kwenye mgandamizo mdogo.

Jinsi ugonjwa unavyotokea

Hewa tunayovuta ina naitrojeni kwa karibu asilimia 78. Tukiwa nchi kavu, gesi hiyo huingia na kutoka mapafuni bila madhara. Chini ya maji mambo hubadilika. Kila mita 10 za kina cha bahari huongeza mgandamizo ulio sawa na ule wa anga lote lililo juu yetu. Kwa hiyo katika mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa ufukweni, na katika mita 30 huwa mara nne. Hewa itokayo mtungini huvutwa kwa mgandamizo huohuo, na kadiri mgandamizo unavyozidi ndivyo naitrojeni nyingi zaidi inavyoyeyuka katika damu, misuli, mafuta na mishipa ya fahamu.

Mpiga mbizi akipanda polepole, naitrojeni hurudi mapafuni na kutoka kwa pumzi. Akipanda kwa haraka, gesi hushindwa kutoka kwa utaratibu na hufanya viputo, kama vile soda inavyotoa povu chupa inapofunguliwa ghafla. Viputo hivyo huziba mishipa midogo ya damu, huumiza kuta zake, huchochea damu kuganda na kuzinyima tishu oksijeni.

Elimu hii si mpya. Katika miaka ya 1870, wafanyakazi waliochimba misingi ya daraja la Brooklyn, New York, ndani ya vyumba vilivyojazwa hewa ya mgandamizo, walipatwa na maumivu makali na kupooza walipotoka nje. Mhandisi wao mkuu, Washington Roebling, naye alidhoofika kwa ugonjwa huohuo. Mwaka 1878 Paul Bert wa Ufaransa alieleza kwamba chanzo ni viputo vya naitrojeni. Mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake, baada ya majaribio waliyofanya kwa mbuzi, walichapisha majedwali ya kwanza yaliyoonyesha namna ya kupanda kwa vituo.

Kwa nini safari za siku nyingi?

Mapumziko ya saa mbili au tatu baina ya mbizi mbili hayatoshi kuisafisha naitrojeni yote. Tishu zenye mafuta mengi au damu chache huitoa gesi hiyo taratibu sana. Mbizi ya pili huanza na baki ya kwanza, na ya siku ya nne huanza na baki za siku zilizotangulia. Jambo hili ni mithili ya deni linalolipwa nusu kila jioni na kukopwa upya kila asubuhi.

Zaidi ya hayo, safari huleta uchovu, jua kali, kichefuchefu cha mawimbi na upungufu wa maji mwilini, mambo yanayodhaniwa kuongeza uwezekano wa ugonjwa. Isitoshe, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana kijitundu baina ya vyumba viwili vya juu vya moyo ambacho hakikuziba kikamilifu baada ya kuzaliwa. Kwa baadhi yao viputo hupitia hapo na kukwepa chujio la mapafu, kisha huelekea kwenye ubongo au ugwe wa mgongo.

Dalili na kosa la kuzipuuza

Wagonjwa wengi hupata dalili ndani ya saa 6 baada ya kutoka majini, na karibu wote ndani ya saa 24. Dalili hizo ni maumivu ya bega, kiwiko au goti, uchovu usio wa kawaida, ngozi kuwasha au kuwa na mabaka ya rangi ya zambarau, ganzi, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, na kushindwa kukojoa. Mtu anayepoteza fahamu au kupooza dakika chache tu baada ya kuibuka hushukiwa kuwa mapafu yake yamepasuka na hewa kuingia katika mishipa ya ateri. Hii ni dharura kubwa zaidi, na huweza kutokea hata katika kina kidogo iwapo mtu alizuia pumzi alipokuwa akipanda.

Hapa ndipo penye msiba. Mpiga mbizi huona haya kusema, au huhofia kukosa mbizi za kesho. Bega linalouma husingiziwa mtungi mzito, ganzi husingiziwa usingizi mbaya. Pengine hunywa kidonge cha maumivu, huzama tena, kisha hupanda ndege. Ndani ya ndege mgandamizo hushuka na kulingana na ule wa mlima wenye urefu wa hadi mita 2,400, na viputo vilivyokuwa vidogo hukua. Aliyeondoka chomboni na ganzi ya vidole huweza kuteremka uwanjani akiwa hawezi kusimama.

Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kungoja angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo, na angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia au za siku nyingi. Safari nyingi hutenga saa 24 ili kujihadhari. Afrika Mashariki nayo inahusika: wapo wageni wanaozama Pemba au Mafia asubuhi wakiwa na tiketi ya ndege ya jioni, au wanaotoka baharini moja kwa moja kwenda Ngorongoro ama Kilimanjaro. Kupanda mlima kwa gari au kwa miguu hupunguza mgandamizo kama ndege ifanyavyo. Wapo pia wavuvi wa majongoo bahari wanaotumia hewa ya mitungi bila mafunzo wala kompyuta ya kupimia kina. Hao hawafiki kliniki wakiitwa wapiga mbizi. Hufika wakiwa watu wenye maumivu ya viungo au miguu iliyokufa ganzi.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Swali moja huweza kumwokoa mgonjwa: “Je, umepiga mbizi kwa kutumia mtungi katika siku chache zilizopita?” Likijibiwa ndiyo, iulizwe idadi ya mbizi, kina, muda, kasi ya kupanda, na iwapo mgonjwa amesafiri kwa ndege. Dalili yoyote mpya baada ya mbizi ihesabiwe kuwa ya ugonjwa huu mpaka sababu nyingine ithibitike. Kipimo cha malaria kifanyike inapobidi, lakini kisicheleweshe huduma.

Mgonjwa alazwe chali na apewe oksijeni ya asilimia 100 kwa barakoa inayobana vyema. Aliye na fahamu na asiyetapika apewe maji ya kunywa. Mwingine apewe dripu isiyo na sukari. Aliyeshindwa kukojoa awekewe mpira wa mkojo. Gesi ya naitrasi oksaidi isitumike kutuliza maumivu, kwani hukuza viputo. Mgonjwa asirudishwe majini kwa nia ya kumtibu. Akisafirishwa kwa ndege, iruke chini kabisa au iwe na mgandamizo sawa na wa usawa wa bahari.

Tiba kamili ni chemba ya mgandamizo, ambamo mgonjwa hurudishwa kwenye mgandamizo wa kina cha mita 18 akivuta oksijeni, kisha hushushwa taratibu kwa muda wa karibu saa 5. Nafuu inayoletwa na oksijeni pekee isichukuliwe kuwa kupona, wala kuchelewa kwa siku moja au mbili kusiwe sababu ya kumnyima mgonjwa rufaa.

Kwa mpiga mbizi, kinga iko mikononi mwake: kupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, kusimama dakika 3 katika mita 5, kunywa maji ya kutosha, kupumzika siku moja katikati ya safari, na kutozama akiwa na mafua, mimba, au pumu au kifafa kisichochunguzwa na daktari. Muhimu kuliko yote ni kusema mapema. Katika hifadhi iliyo mwendo wa usiku mzima kutoka nchi kavu, saa moja ya ukimya huweza kumgharimu mtu miguu yake.