Gitaa la Besi na Sikio la Ngoma

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne nene, na kila uzi husikika oktavu moja chini ya uzi wa jina lake kwenye gitaa la kawaida. Uzi mnene kuliko yote ni E, kisha hufuata A, D na G. E ukipigwa wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na G kama mara 98. Ili uzi utetemeke polepole kiasi hicho bila kulegea, sharti uwe mnene na mrefu. Ndiyo maana sehemu ya uzi inayotetemeka kwenye besi hufikia sentimita 86 hivi, wakati ile ya gitaa la kawaida ni kama sentimita 65.

Katika bendi, besi ina kazi mbili zinazofanyika kwa wakati mmoja. Hushikana na dramu na tumba kulinda mwendo wa wimbo, na papo hapo huwaonyesha waimbaji na magitaa mengine wimbo umefika kwenye kordi gani. Mpiga solo akiteleza noti moja, wasikilizaji wengi hawatagundua. Mpiga besi akikosea noti inayofungua kordi, waimbaji hubabaika na wachezaji huhisi kitu kimevunjika, hata wasipoweza kusema ni nini. Kwa sababu hiyo, anayejifunza besi hupimwa kwanza kwa uthabiti. Kasi ya vidole huja baadaye sana, na wapo wapigaji wa besi wenye heshima kubwa ambao hawakuihitaji kamwe.

Kabla ya gitaa hili kuwapo, sauti ya chini ilitolewa na besi kubwa ya kusimama, chombo kinachomzidi mtu urefu na kisicho na alama zozote shingoni. Mwaka 1951 Leo Fender wa California aliingiza sokoni besi ya umeme inayovaliwa kwa mkanda begani, yenye freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Freti zilimwondolea mwanafunzi mzigo mkubwa: kidole kikibana nyuma ya chuma, noti hutoka mahali pake. Bendi za dansi za Afrika Mashariki zilipoingia zama za magitaa ya umeme, chombo hiki kikawa uti wa mgongo wa rumba ya hapa.

Tanzania, vyombo vya bendi nyingi havikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na polisi, jeshi na magereza walikuwa na bendi zao. Kijana aliyetaka kupiga besi hakuwa na gitaa nyumbani. Alihudhuria mazoezi ya mchana, akatazama vidole vya mkubwa wake, akangoja nafasi ya kushika chombo. Malezi hayo yalikuwa magumu, lakini yalijenga tabia ambayo mwanafunzi wa leo mwenye gitaa lake chumbani huikosa kwa urahisi: kusikiliza muda mrefu kuliko kupiga.

Nanyamba, katika uwanda wa Wamakonde kwenye barabara itokayo Mtwara kwenda Tandahimba, Newala na Masasi, iko mbali na vyuo vinavyofundisha muziki. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni iko Bagamoyo, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002, kiko Mji Mkongwe, Zanzibar. Anayeanza huku kusini hutegemea zaidi simu yake, bendi ya kanisa ikiwapo, na mtu mmoja anayejua kidogo kumzidi. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo vyuo huchukua miezi kumfundisha mwanafunzi, na ambalo aliyekulia kwenye ngoma tayari analo. Katika ngoma za Wamakonde, sindimba ikiwa mojawapo, ngoma ndogo hushika mdundo mmoja usioyumba, na juu yake ngoma inayoongoza huzungumza na wachezaji. Mtoto aliyecheza jandoni au unyagoni amezoea kusikia midundo miwili au mitatu kwa wakati mmoja bila kupotea katikati yake. Hiyo ndiyo nusu ngumu ya besi. Nusu iliyobaki ni kujua noti ziko wapi, na hilo hufundishika kwa wiki chache.

Kwa hiyo zoezi la kwanza halihitaji gitaa. Mwanafunzi ahesabu mapigo manne kwa mguu, kwa mwendo wa kutembea, kisha atamke besi kwa mdomo: noti moja ndefu kwenye pigo la kwanza inayojaza pia la pili, noti fupi kwenye la tatu, nyingine kwenye la nne. Muundo huu wa bolero ulitoka Cuba na kufika Afrika Mashariki katika santuri za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa miaka ya 1930, na bado unafaa kwa nyimbo nyingi za taratibu za dansi. Mguu ukishatulia, noti ya pigo la tatu iwahishwe nusu pigo, itue kati ya la pili na la tatu. Hapo wengi huyumba, kwa sababu mguu hutaka kukimbilia noti. Mguu ubaki ulipo. Sikio la ngoma linajua kwamba sauti inaweza kutua nje ya hatua bila hatua kubadilika.

Baada ya hapo ndipo mkono wa kushoto uanze kazi. Nyuzi za besi zimepangwa kwa umbali ulio sawa, na upangaji huo humrahisishia mwanafunzi mambo mengi. Uzi wa E ukibanwa freti ya tano hutoa A, sawasawa na uzi unaofuata ukiwa wazi, na ndivyo ilivyo kwa A na D, kisha D na G. Njia hii hutumika pia kulinganisha nyuzi pale simu isipokuwa na programu ya kazi hiyo.

Noti tatu zinazobeba nyimbo nyingi za dansi, injili na taarabu ya kisasa ni do, fa na so. Do ikiwekwa C, yaani uzi wa A freti ya tatu, fa iko kwenye uzi wa D freti hiyohiyo ya tatu, na so iko kwenye uzi wa E, pia freti ya tatu. Noti zote tatu ziko kwenye mstari mmoja kukatiza shingo. So ya juu iko uzi wa D freti ya tano, na do ya oktavu iko uzi wa G freti ya tano. Wimbo ukihamia ufunguo wa D kwa sababu mwimbaji anataka juu zaidi, umbo lote husogea freti mbili na vidole havibadilishi mpangilio. Anayelijua umbo hili vizuri anaweza kusindikiza ibada nzima au sherehe nzima, na si aibu kubaki nalo miezi kadhaa.

Waliolelewa kwenye kwaya wana faida nyingine. Nyimbo za kwaya huandikwa kwa do-re-mi, na mstari wa sauti ya nne, ile ya wanaume wa sauti nzito, ni somo la besi lililokwisha kuandikwa. Mwanafunzi akiuhamishia mstari huo kwenye nyuzi ataona jinsi besi inavyopita re au ti inapotoka kordi moja kwenda nyingine, badala ya kuruka kutoka do hadi so kila mara.

Vidole vya kushoto vibane karibu kabisa na freti, upande wa nyuma yake. Vikibana katikati ya nafasi, uzi hulia vibaya na mkono huchoka bure. Nafasi ya freti ya kwanza ina upana wa karibu sentimita tano, na hapo mkono mdogo hauwezi kuweka kidole kimoja kwa kila freti bila kuumia. Wapigaji wa besi ya kusimama walilitatua hili zamani: karibu na kichwa cha chombo hutumia kidole cha shahada, cha kati na kidogo, huku kidole cha pete kikisaidia kile kidogo kubana. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida, huisha ngozi ikikomaa. Maumivu ya kifundo cha mkono si ya kawaida. Mazoezi yasimame, mkanda urekebishwe gitaa lipande juu kidogo.

Mkono wa kulia hupiga kwa kidole cha shahada na cha kati kwa zamu, gumba likiegemea gitaa. Wengine hutumia gumba peke yake au kipande cha plastiki, na sauti zake hutofautiana: gumba hutoa sauti laini ya mviringo, plastiki hutoa mkwaruzo unaosikika mbali. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine. Kinachotofautisha mpigaji mzuri na mbaya ni namna anavyozima noti. Uzi mnene ukiachwa huendelea kulia, na noti iliyolia kupita zamu yake huchafua kordi inayofuata. Kidole cha kushoto kilegezwe bila kuachana na uzi, noti ife mahali ilipopangwa kufa. Rumba huchezeka kwa sababu ya kimya kilicho kati ya noti za besi. Mwanafunzi anayejaza kila nafasi huwanyima tumba na gitaa la ridhimu mahali pa kusemea.

Mfano bora wa kusikiliza ni «Sina Makosa» wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, wengi wao Watanzania. Besi ni ya Tom Malanga, na ridhimu ni ya Omar Shabani. Besi hiyo inasikika waziwazi, ikisema sentensi fupi na kuirudia, kisha ikinyamaza ili ridhimu ijibu. Mwanafunzi asikimbilie gitaa. Auimbe mstari huo kwa mdomo hadi auweze bila santuri, kisha ndipo autafute kwenye nyuzi. Noti atakazozikuta si nyingi, na atashangaa jinsi ilivyo kazi kuzirudia dakika nzima bila kuongeza kasi. Kutoka hapo aende kwenye sebene la Kikongo, ambako besi huchangamka na kugawa pigo vipande vidogo zaidi, halafu kwenye benga ya Kenya, ambako besi husukuma wimbo kwa kasi. Taarabu ya kisasa ni rahisi kwa vidole, lakini inadai uvumilivu: wimbo mmoja unaweza kupita dakika kumi bila besi kubadilisha muundo wake.

Kusikiliza kupitia spika ya simu kunapotosha. Spika ndogo kiasi kile haiwezi kutoa mitetemo 41, wala 80, kwa sekunde. Kinachosikika ni sauti za juu zinazoandamana na noti, na mwanafunzi huishia kunakili oktavu isiyo yake au kukosa noti kabisa. Visikilizio vya masikioni, hata vya bei ndogo, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Besi ya umeme isiyo na amplifaya husikika kwa shida, lakini haihitaji kukaa bure. Pembe ya mwili wa gitaa ikiegemezwa kwenye meza au mlango wa mbao, mbao hupokea mtetemo na kuukuza vya kutosha kwa mazoezi ya usiku. Wasio na gitaa kabisa wana mfano kwa majirani. Malawi kuna babatoni, besi ndefu ya kujitengenezea yenye uzi mmoja, ambayo Madalitso Band wameizungusha katika majukwaa ya nje ya nchi. Na Zambia, muziki wa kalindula umepata jina lake kutokana na besi ya aina hiyohiyo. Uzi mmoja unatosha kufundisha pigo, do na so.

Anayenunua gitaa lililotumika atazame shingo kwanza. Nyuzi nne kwa pamoja huivuta kwa nguvu ya kiasi cha kilo 70, na ndani yake kuna fimbo ya chuma inayokabiliana na mvuto huo. Uzi wa E ubanwe freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja: katikati pawepo upenyo mdogo wa unene wa kadi. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imepinda. Fimbo huweza kuirudisha ikizungushwa robo mzunguko kwa siku, lakini isilazimishwe ikigoma. Kila noti kwenye kila freti ipigwe, maana freti moja iliyochomoka huharibu noti za freti zinazoitangulia.

Unyevu na chumvi ya hewa, hasa kuelekea Mtwara mjini, Msimbati na mdomo wa Ruvuma, hula nyuzi haraka. Zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Nyuzi za besi ni ghali na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500, hivyo ujanja wa wanamuziki wa zamani bado unafaa: nyuzi zilizofifia hufunguliwa, huchemshwa majini dakika chache ili mafuta na uchafu vitoke, kisha hukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Zisifunguliwe zote kwa pamoja zikaachwa nje siku nyingi, maana shingo isiyovutwa nayo hupinda kwa upande wa pili.

La mwisho ni umeme. Nyuzi za besi zimeunganishwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Amplifaya ikichomekwa kwenye jenereta au soketi isiyo na waya wa ardhi, nyuzi zenyewe zinaweza kubeba umeme, na anayezishika huku midomo ikigusa maikrofoni yuko hatarini. Vyombo vyote vya jukwaani vichomekwe kwenye chanzo kimoja chenye waya wa ardhi. Besi pia isiunganishwe na amplifaya ndogo ya gitaa la solo kwa sauti kubwa, kwa kuwa noti za chini hurarua spika zake. Amplifaya ya kinanda au mikisa ya kanisa hustahimili vizuri zaidi.