Mvinyo wa Georgia na Mnunuzi Mmoja

Machi 2006 Urusi ilipiga marufuku mvinyo kutoka Georgia na Moldova, ikidai una mabaki ya dawa za kuulia wadudu. Mei ikafuata zamu ya Borjomi, maji ya chupa ya Georgia. Ni kweli kwamba madukani Urusi kulijaa mvinyo bandia wenye jina la Georgia, na kila nchi ina haki ya kulinda afya ya watu wake. Lakini tazama tarehe. Nchi zote mbili zilikuwa zimekorofishana na Moscow. Septemba 2013, Moldova ikikaribia kukubaliana na Umoja wa Ulaya, mvinyo wake ulizuiwa tena. Ilipotia saini Juni 2014, mwezi uliofuata matunda yake nayo yakakataliwa. Maabara haifuati kalenda ya wanadiplomasia kiasi hicho.

Hata hivyo, marufuku huuma kwa kadiri bidhaa ilivyoandaliwa kwa ajili ya mnunuzi mmoja. Kindzmarauli, mvinyo mwekundu wenye utamu kiasi, Mrusi anaujua tangu enzi za Kisovieti. Kwingineko ilibidi uanze kutambulishwa upya. Na zabibu haina subira: ikiiva huvunwa, na kiwanda kisicho na mnunuzi hakina cha kumlipa mkulima. Baada ya 2006 Georgia iliboresha mvinyo, ikatafuta wateja Poland na China. Urusi ilipofungua tena soko lake mwaka 2013, wafanyabiashara walirudi kwa wingi, na leo zaidi ya nusu ya mvinyo unaouzwa nje unakwenda huko.

Watasema mkulima hali siasa: Urusi iko jirani, lugha inaeleweka, malipo yanaridhisha. Simlaumu mkulima hata kidogo. Lakini maabara zinazotambuliwa nje, maghala ya baridi na gharama za kujitangaza ni kazi ya serikali, na wakati wake ni soko kubwa likiwa wazi, fedha zikiingia. Wengine watauliza kama Ulaya nayo si jirani mkubwa. Ndiyo, na kwa miaka mingi iliwekea viwango vya mwisho matofaa na zabibu za Moldova zilizoingia bila ushuru, ikavilegeza kwa muda Julai 2022. Tofauti ni kwamba viwango hivyo viliandikwa kwenye mkataba, mkulima akaweza kupanga msimu wake. Agosti ya mwaka huohuo Urusi ilizuia matunda ya sehemu kubwa ya Moldova, na matofaa mengi ya nchi hiyo yalikuwa bado yakitegemea soko lilelile.