Bima Hailipii Kipimo Kisichokuwepo

Swali limekuja tena wiki iliyopita, safari hii likiwa na karatasi 38. Bwana mmoja wa makamo alimleta mama yake mwenye miaka 76 kutoka Muleba. Kabla sijamaliza kumwamkia mama, bwana aliweka ripoti mezani: "Daktari, hiki kipimo cha kusahau nimelipa mfukoni. Bima hawakilipii?"

Hawakilipii, kwa sababu hakipo. Nimewajibu hivyo watu wa Bukoba mjini, wa Kamachumu, wa Nshamba, na watoto wao wanaopiga simu usiku kutoka Dar es Salaam. Uwe na bima ya NHIF, uwe na ya CHF, uwe na fedha taslimu, hakuna mashine ya kumwingiza mzee upande huu akatokea upande wa pili na cheti cha demensia. Kila nikisema hivyo naonekana nabania. Basi leo tuzisome hizo karatasi pamoja.

Mashine yenyewe wengi mmeiona. Ni kisanduku kidogo kilichounganishwa na kompyuta, na kijiti cha chuma ambacho mgonjwa hukishika kiganjani kwa dakika moja hivi. Iko kwenye vibanda vya virutubisho, karibu na stendi, siku nyingine nje ya kanisa ibada ikiisha, na kipaza sauti kinaita: "Mwili mzima, bila kutoa damu!" Dakika ikiisha printa inaanza kutema: moyo, ini, figo, mifupa, na ukurasa wa ubongo. Humo "kumbukumbu" ina namba yake, tena yenye desimali tatu.

Hizo desimali ndizo zinazowamaliza watu. Fundi wa maabara akikupima sukari anakupa namba na kizio chake, milimoli kwa lita, nawe unaweza kwenda maabara nyingine ukalinganisha. Namba ya kumbukumbu katika ripoti hii ni ya kizio gani? Gramu? Lita? Niliigeuza karatasi nyuma na mbele sikukiona.

Chuma kilichoshikwa kiganjani, kikijitahidi sana, kinaweza kuhisi jambo moja tu: ngozi inavyopitisha umeme mdogo. Kiganja chenye jasho hupitisha zaidi. Kiganja kikavu cha bibi aliyepalilia kibanja miaka 60 hupitisha kidogo. Habari za ubongo haziandikwi kwenye jasho. Sasa kumbukeni mpimaji alichouliza kabla hajabonyeza chochote: umri, jinsia, urefu, uzito. Hayo mama alimpa kwa mdomo wake, mashine ikamrudishia akayalipia. Mwenye shaka afanye jaribio: mtu mmoja apimwe mara mbili, mara ya kwanza aandikwe miaka 76, mara ya pili 25. Majibu yakitofautiana, anieleze ni ubongo wa nani uliosomwa.

Ukurasa wa mwisho sina haja ya kuutabiri. Una majina ya vidonge, na vidonge viko kwenye kibanda hichohicho. Mpimaji ndiye muuzaji, na sijaona ripoti yake isiyoishia kwenye chupa. Mama huyu alikuwa na chupa mbili. Fedha zikipotea zinauma, lakini kuna kinachoniudhi zaidi. Anayeambiwa na mashine kwamba ubongo ni mzima hukaa nyumbani mwaka mzima akijiliwaza, na anayeambiwa umechoka hukaa nyumbani mwaka huohuo akimeza vidonge. Wote wawili wanatufikia wakati mzee ameshapotea njiani mara tatu.

"Basi niandikie CT scan." Najua, hilo ndilo linalofuata. CT scan ni kipimo cha kweli, ila huonyesha umbo. Humwonyesha daktari damu iliyovilia baada ya kuanguka, uvimbe, kiharusi, maji yaliyojaa. Demensia inapoanza, picha inaweza kufanana kabisa na ya mzee mwenzake asiyesahau kitu. Wa kupigwa picha hiyo ni aliyejigonga kichwa, aliyebadilika ghafla, anayeumwa kichwa kisichotulia, au anayevuta mguu. Kusahau jina la mkwe peke yake hakuhitaji picha.

Kipimo halisi kilipatikana hukuhuku kwetu, na hakitumii umeme. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawachunguza karibu wazee 1,200 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha demensia kwa takriban 6 katika kila 100. Vipimo vya Magharibi viliwasumbua, maana vinamtaka mtu achore na aandike, na bibi ambaye hakusoma anaanguka mtihani hata kama akili yake inakata kama wembe. Ndipo kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Mzee anaulizwa leo siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani, anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbushwa maneno aliyotajiwa muda mfupi uliopita, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Anaulizwa pia daraja ni nini. Nilipolifikia hilo, mama yule alinisimulia daraja la Kyaka na jeshi la Idi Amin wa Uganda mwaka 1978 kana kwamba moshi ungali unafuka.

Mwanawe akachangamka: "Unaona, Daktari? Anakumbuka kila kitu!" Hapana. Ya zamani ndiyo hukawia kuondoka. Mzee atakusimulia vita, atakusimulia MV Bukoba ilivyozama 1996, asijue kama amekula asubuhi. Ukitaka kujua hali yake, acha vita, muulize habari za jana.

Hata hizo njiti peke yake hazitoshi. Zinasema kuna jambo, hazisemi ni jambo gani, na hazistahili kupitishwa nyumba kwa nyumba kwa wazee wasio na dalili. Mwaka 2020 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataa kumpima demensia kila mzee asiyelalamika. Huko huko, bima ya wazee iitwayo Medicare hulipia uchunguzi wa kumbukumbu katika ziara ya kila mwaka. Wanaodhani hapo kuna mashine watashangaa: daktari huuliza, huangalia, na husikiliza ndugu. Kinacholipiwa ni muda wa mtaalamu. Kwa hiyo kama mnataka kuigombeza bima, na sababu zipo, igombezeni hapo. Daktari aliyemsikiliza mzee dakika 40 na aliyemwandikia dawa dakika nne huandika mstari uleule, "kumwona daktari." Katika foleni ya Jumatatu, nadhani mnajua ni yupi anayewahi kumaliza.

Mama yule tulimpatia muda. Nilimuuliza bwana, analala saa ngapi? Hajui, yeye anaishi Mwanza. Anapika mwenyewe? Anadhani. Nani anaishi naye? "Mjukuu, yuko nje na mizigo." Nikamwita. Mkoa huu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na tangu hapo bibi wengi wamelea wajukuu bila msaidizi. Leo wajukuu ndio wanaojua bibi alivyoamka. Binti wa miaka 14 aliniamkia, akanieleza bila karatasi. Tangu masika, bibi anatia chumvi kwenye maharage mara mbili. Wiki mbili nyuma alipotea akirudi kisimani. Ukimwita kwa nyuma hasikii. Na kila usiku anameza Piriton mbili, maana mtu alimwambia zinaleta usingizi.

Piriton! Dawa ya mafua na mwasho inayoweza kumvuruga mzee akili akiitumia kila siku. Masikio yalikuwa yamezibwa na nta. Sijasema hana demensia. Huenda anayo, na tarehe ya kurudi nimempa. Nasema karatasi 38 hazikumuuliza anameza nini.

Sasa ya kufanya, haraka, kuna foleni.

Mabadiliko ya siku moja au mbili, mzee anaweweseka au analala mno: huo si uzee, ni dharura. Mpeleke leo hii, inaweza kuwa maambukizi, sukari, au damu kichwani.

Mabadiliko ya miezi: anzia zahanati au kituo cha afya, upate rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wengi wanaokataliwa na bima wameruka ngazi.

Dirishani usiulize kipimo cha kusahau. Ulizia kumwona daktari na vipimo atakavyoandika: wingi wa damu, sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU. Presha, macho na masikio yaangaliwe. Sonona nayo huvaa sura ya usahaulifu, na inatibika.

Nani alipe? Mstaafu aliyekuwa mchangiaji wa NHIF anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Mtoto aliye mtumishi wa umma anaweza kumwandikisha mzazi miongoni mwa wategemezi wake, walimu, mnasikia? CHF iliyoboreshwa ilianza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inapanga upya mambo haya, ulizia kiwango cha sasa halmashauri. Mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha, sera ya wazee ya 2003 inasema hivyo. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii, kabla ya kuugua.

Dawa ya kuponya demensia haipo, iwe kibandani au kwangu. Yapo ya kufanya: kudhibiti presha na sukari, kupunguza pombe, kutoa mtoto wa jicho, kumzungumzisha mzee na kumpa kazi anazoziweza.

Mkija, dawa zote anazomeza ziwe kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za miti shamba. Ripoti za kijiti ziacheni nyumbani. Njiti za kiberiti ninazo. Nyinyi nileteeni anayeishi naye, na asiachwe nje na mizigo.