Trela la boti: Tairi lenye meno marefu huenda limeshazeeka

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, mfanyabiashara anayevuka kati ya Kenya na Uganda hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Lakini saa zilizookolewa mpakani hupotea upesi barabarani. Boti inayopelekwa Majanji au Port Victoria ikikwama jioni kwa tairi lililopasuka, mwenye mali atalipa fundi, atalipa mlinzi, na siku ya uvuvi itampita.

Tairi la trela haliishi kama la gari. Gari hutembea kila siku, meno yakaisha na dereva akaona. Trela la boti hukaa juani wiki nyingi likiwa na mzigo, na mpira hupasuka nyufa huku meno yakiwa bado marefu. Kwa hiyo soma ubavu wa tairi kabla ya kutoa pesa. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi lililopita miaka sita liache dukani, hata kama halijawahi kukanyaga barabara.

Pili, piga hesabu ya uzito. Tuseme boti ni kilo 600, trela 300, na injini, mafuta na nyavu 200. Jumla ni kilo 1,100, hivyo kwa magurudumu mawili kila tairi linabeba 550. Namba 88 ubavuni ni kilo 560, ambayo haibakizi nafasi. Namba 94 ni kilo 670, nayo inafaa zaidi kwa barabara ya mashimo. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa, asubuhi tairi likiwa baridi.

Tairi la akiba liwe na ukubwa, uwezo na matundu ya bolti sawa na yale mawili. Lijaribu kulifunga nyumbani: spana ya gari lako huenda isiingie nati za trela, na jeki huenda isifike. Likague umri pia, kwani akiba huzeeka ikining'inia.

Usisahau beringi. Ukifika ziwani, subiri zipoe kabla ya kuingiza trela majini. Zikiingia zikiwa moto, habu hupoa ghafla na kuvuta maji ndani, grisi ikaharibika. Gurudumu lililokwama kwa beringi haliokolewi na tairi la akiba.

Kuhusu bei, wengi hulinganisha maduka ya pande zote mbili. Badili kwanza shilingi zote ziwe za nchi moja, kisha uongeze ushuru. Cheti rahisi cha asili, cha mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tairi lililotengenezwa Asia halimo, hata kama limenunuliwa hatua chache kutoka mpakani. Uliza dawati la forodha kabla ya kulipa, na utunze risiti.