Tafsiri ya Majibu ya Damu ya Dundumio

Dundumio, tezi iliyoko shingoni, hutoa homoni iitwayo thairoksini. Mtu ambaye tezi hiyo yenyewe imedhoofika hupewa thairoksini ya vidonge, kisha damu yake hupimwa mara kwa mara. Katika kumweleza majibu, mfasiri hana budi kujihadhari.

Herufi TSH zilizomo katika cheti cha maabara hazitaji homoni ya dundumio, bali homoni itolewayo na tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ili kuichochea dundumio ifanye kazi. Thairoksini ikipungua mwilini, TSH hupanda. Ikizidi, TSH hushuka. Hivyo, kwa mtumiaji wa vidonge, TSH iliyo juu kwa kawaida huonyesha kwamba dawa haimtoshi. Akiambiwa tu kuwa "homoni yako iko juu", aweza kupunguza vidonge wakati anahitaji kuongezewa.

Yafaa basi TSH iitwe "homoni chochezi ya dundumio", wala lisitumike neno "homoni" pekee.

Neno "kipimo" nalo lina utata, kwa kuwa hutumika kwa uchunguzi wa damu na pia kwa kiasi cha dawa. Katika maelezo haya, kiasi cha dawa kiitwe "dozi". Agizo litasomeka: "Baada ya dozi kubadilishwa, damu ipimwe tena kati ya wiki 6 na 8", kwani TSH hubadilika polepole.

Kubadilisha dozi ni kazi ya daktari. Kazi ya mfasiri ni kuhakikisha kwamba "juu" na "chini" havipinduki njiani.