Lengalenga haliogopi jua la Kasenyi

Msomaji wetu wa Kasenyi, mama mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba, ametuletea swali zuri. Kila msimu anapanda kabichi, shu kama wasemavyo huko, kwa mbegu za dukani. Anazimwagilia asubuhi na jioni, nazo zinatoa majani yaliyolegea bila kufunga. Pembeni, penye jalala la majivu, lengalenga ambalo hakuna aliyelipanda limemfika kiunoni. Majirani wanamwambia hiyo ni mboga ya wenye njaa. Anauliza amekosea wapi.

Hujakosea, mama. Kabichi ni mmea wa baridi, hupenda nyuzi 15 hadi 20. Bunia iko kwenye mita 1,275 hivi. Ukishika njia ya Bogoro na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Ziwa Albert, umefika mita 620 hivi. Joto huongezeka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo ziwani kunaizidi Bunia kwa karibu nyuzi 4. Kabichi tuiache hapo. La ajabu ni lengalenga: vipi jua linaloidhoofisha kabichi lilinenepeshe hilo?

Jani hujijenga kwa hewa ya ukaa, na kinachoikamata hewa hiyo ni kimeng'enya kiitwacho rubisko. Mfikirie kama mama mnunuzi ufukoni Kasenyi, mitumbwi inaporudi alfajiri. Anataka samaki tu, lakini macho yake hayaoni vizuri na mikono ni mizito: haokoti zaidi ya vitu vitatu hivi kwa sekunde. Mbele yake, kwa kila samaki mmoja wa ukaa, kuna karibu vipande 500 vya mti vilivyoletwa na maji, maana hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na ukaa asilimia 0.04 tu. Kwa nyuzi 25, kwenye kila samaki wanne au watano anaowaokota, ameokota na kipande kimoja cha mti. Na hawezi kukitupa tu. Lazima kirudishwe kwa gharama, na sehemu ya samaki aliokwisha kuwapata inapotea hapo. Joto likipanda, macho yanazidi kufifia. Kisha mmea, kwa kuogopa kukauka, unafunga vitundu vya majani: mlango umefungwa, samaki wamekwisha ndani, vipande vya mti vimejaa.

Ndani ya lengalenga yumo mama huyohuyo, kwa macho yaleyale. Tofauti ni kwamba amehamishiwa chumba cha ndani. Mlangoni wamesimama wachukuzi, kimeng'enya kingine kabisa, ambacho oksijeni hakiigusi. Wanadaka samaki, wanawafunga kwenye mzigo wenye kaboni nne, wanaupeleka ndani, wanaumwaga miguuni pa mama na kurudi na kikapu kitupu. Chumba kinafurika samaki, na mama, hata angefumba macho, angeokota samaki. Tena mlango wa nje unaweza kuachwa wazi kidogo tu, kwa sababu wachukuzi hawa huwapata hata samaki wachache wanaopita. Ndiyo maana lengalenga hutumia karibu nusu ya maji ambayo mimea ya kawaida hutumia kwa kazi ileile. Hatch na Slack waliufafanua utaratibu huu mwaka 1966 nchini Australia, wakichunguza miwa. Mahindi na mtama pia vinao; kati ya aina zote za mimea duniani, ni kama asilimia 3 tu zilizo nao.

Chumba hicho cha ndani ni seli zilizouzunguka kila mshipa wa jani. Mtu anaweza kuziita "pete". Mimi nasema tuziite shada la mshipa: pete ni kipande kimoja, na hizi ni seli nyingi zilizopangwa kama maua ya shada. Chuma jani la lengalenga uliinue juani. Mishipa midogo kabisa imekoza kijani kuliko nyama ya jani iliyo kati yake. Fanya hivyo kwa jani la kabichi uone mishipa iliyopauka.

Wachukuzi hula mshahara, na mshahara wao ni mwanga. Kwa hiyo wazee waliokataza kupanda lengalenga chini ya mwembe au kati ya migomba walikuwa sahihi. Walikuwa sahihi pia kulipanda pale lilipokuwa zizi, kwa kuwa mmea huu una uchu wa naitrojeni, na samadi iliyooza inayo tele.

Mbegu ni ndogo mno, gramu moja hubeba zaidi ya elfu moja. Zichanganye na mchanga mkavu au majivu ndipo umwage, ufunike kwa udongo kiduchu. Baada ya wiki nne hivi usiling'oe. Kata kilele, uache shina la urefu wa kiganja. Kilele ndicho kinachotoa amri ya kuzuia machipukizi ya pembeni, kikiondoka yanaamka yote. Chemsha, mwaga maji, hasa kwa mwenye mawe ya figo, kisha tia mawese: kinachogeuka vitamini A mwilini huhitaji mafuta ili kifyonzwe.

Na hayo ya "mboga ya wenye njaa" yananiudhi. Watu wanatoa pesa kununua kabichi iliyoshushwa kwa gari kutoka milimani, huku wakilifyeka lengalenga lenye chuma, kalisi na vitamini A kuishinda mbali.

Mbegu za dukani, mama, ziache. Acha mashina mawili matatu yaliyo bora bila kuyakata, yatoe masuke. Yakianza kukauka, yapukute juu ya kitambaa, peta makapi, anika kivulini, weka kwenye chupa kavu pamoja na majivu.