Tovuti Nayo Yataka Kukalafatiwa

Kama umepata kufika Mafia, pengine umewaona mafundi wa mashua kazini. Mashua mpya hushushwa majini kwa shangwe, lakini fundi hajamalizana nayo. Baada ya miezi michache hupandishwa pwani wakati wa bamvua, ikakwanguliwa, ikakalafatiwa kwa pamba, ikapakwa deheni. Mwenye chombo anayekwepa kazi hiyo asimlaumu mtu siku maji yatakapojaa ngamani.

Siku hizi watu wa kisiwa hicho wana chombo cha namna nyingine, nacho ni tovuti. Tangu Oktoba mpaka Machi wageni huja Kilindoni kumtazama papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wengi wao, kabla ya kupanda ndege Dar es Salaam au kuvuka kutoka Nyamisati, wamekwisha soma habari za nyumba za wageni katika intaneti na kutuma arubuni. Halmashauri ya Wilaya nayo ina tovuti yake. Hata ninyi mkaao mbali na bahari, huenda shule ya watoto wenu au chama chenu cha kuweka na kukopa kina tovuti, na kijana mmoja ndiye aitunzaye. Habari hizi ni za kijana huyo, na zaidi ni za wazee wanaomtuma.

Sharti kwanza mjue kilichomo ndani. Tovuti nyingi huendeshwa na programu ipokeayo maneno na picha na kuzipanga kurasa. Iliyoenea kuliko zote ni WordPress, iliyoanza mwaka 2003. Zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani huendeshwa nayo. Nyingine ni Drupal na Joomla. Juu ya programu hiyo watu huongeza vipande vidogo: hiki cha kupokea maombi ya vyumba, hiki cha kuonyesha picha. Kila kipande kina fundi wake, na matundu mengi huonekana katika vipande hivyo kuliko katika programu yenyewe. Basi kipande usichokitumia kiondoe kabisa. Kukizima tu hakutoshi, maana faili zake zimo bado.

Mafundi wakigundua tundu, hutoa toleo jipya lililozibwa. Kulipokea toleo hilo ndiko kunakoitwa kusasisha. Lakini tangazo la tundu husikiwa na wote, mwenye tovuti na mwizi pia, na tangu hapo ni mbio.

Jioni ya tarehe 15 Oktoba 2014 mafundi wa Drupal walitangaza tundu kubwa. Wiki mbili baadaye wakatoa onyo zito: tovuti ambayo haikuzibwa katika saa 7 za kwanza ihesabiwe kuwa imekwisha ingiliwa. Kwa saa zetu, ni tangu saa 1 usiku mpaka saa 8 usiku, watu wa huku wamelala. Tena walisema kwamba kuziba baada ya hapo hakumwondoi mwizi aliyekwisha ingia.

Wenzao wa WordPress walitumia akili mwaka 2017. Tarehe 26 Januari walitoa toleo 4.7.2, lakini habari za tundu baya kupita yote, lililomruhusu mtu yeyote kubadili maandishi bila neno la siri, wakalificha mpaka tarehe 1 Februari, ili watu wapate nafasi ya kusasisha. Tovuti nyingi zilijisasisha zenyewe, kwani programu hiyo yaweza kupokea marekebisho madogo bila mkono wa mtu. Waliochelewa waliona: kwa siku chache kurasa zipatazo milioni moja na nusu ziliharibiwa.

Mzee mwenye vyumba vinne atasema, "Mimi ni mdogo, nani atanitafuta?" Hakuna anayemtafuta. Mwizi hutuma programu ibishayo hodi kila mlango duniani, na inapofunguliwa huingia. Akiingia kwa mzee huyu ataacha kila kitu kama kilivyo, abadili namba ya simu tu mahali pa kutuma arubuni. Mgeni atashuka Kilindoni na mizigo yake na risiti mkononi, mzee hana habari naye. Hasara ya fedha ni ya mgeni, walakini jina lililoharibika ni la nani? Tena, kama picha za pasipoti za wageni zimo humo, liko jambo la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, humtaka azikusanyaye azilinde.

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka utaratibu. Kabla ya kugusa lolote, chukua nakala ya tovuti nzima, faili pamoja na hazina ya maandishi, uiweke mahali pengine, si katika kompyuta ile ile iitunzayo tovuti. Kisha ijaribu nakala hiyo. Wengi huwa na nakala wasiyowahi kuifungua, na siku ya shida huikuta tupu. Marekebisho ya usalama yafanye siku ile ile. Mageuzi makubwa yaweza kungoja masika, wageni wakiwa wachache, nawe uyajaribu kwanza katika nakala. Usianze mtandao unaposuasua: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Ukimaliza, jifanye mgeni: omba chumba, tazama namba ya simu, fungua picha.

Ukikuta tovuti imekwisha ingiliwa, usizibe tundu ukaridhika. Rudisha nakala ya kabla ya siku ya kuingiliwa, isasishe kabla ya kuifungulia watu, futa watumiaji usiowajua, na badili maneno ya siri yote.

Limebaki jambo la funguo, na hapa wazee mna lawama. Mara nyingi jina la tovuti, ambalo hulipiwa kila mwaka, limeandikwa kwa jina la kijana na barua pepe yake. Liandikwe kwa jina la chama au la mwenye nyumba. Kila mtu awe na neno lake la siri, refu, pamoja na tarakimu ziletwazo kwa simu wakati wa kuingia. Na wasio mafundi wapewe ruhusa ya kuandika tu. Kijana akipata kazi Dar es Salaam, mpeni mkono wa heri, lakini ruhusa yake ifutwe kabla chombo hakijang'oa nanga.